Sura ya Sita: Nyasi Ndizo Zinazochagua Mashine

Kila aliyepita shule ya bweni Tanzania ana kumbukumbu ya fyekeo. Lilikuwa kwenye fomu ya kujiunga, pamoja na jembe, ndoo, ufagio na rimu ya karatasi, na aliyefika bila fyekeo alionekana hajajiandaa na masomo. Jumamosi asubuhi tuligawiwa maeneo, tukainama, tukafyeka huku umande ukitulowesha miguu, mpaka viganja vikatoa malengelenge. Naanza na fyekeo kwa sababu ndilo ninalolitumia kupimia kila mashine ya kukata majani inayouzwa mjini. Fyekeo halinywi petroli, haliogopi jiwe, na likiisha makali unalinoa kwa tupa dakika tano. Mashine itakayochukua nafasi yake nyumbani kwako lazima ikupe kitu ambacho fyekeo haliwezi kukupa.

Na kitu hicho kipo, nacho ni kimo. Fyekeo hupiga jani kwa nguvu ya mkono, na hakuna mkono unaoweza kushuka kimo kilekile mara elfu moja. Ndiyo maana uwanja uliofyekwa huwa na mabaka: hapa udongo umechunwa, pale majani yamebaki marefu. Mashine hushika kimo kimoja kuanzia getini hadi ukuta wa nyuma. Ukoka unaokatwa kwa kimo kimoja, mara kwa mara, hutambaa na kujaza mapengo, na baada ya miezi michache unakuwa zulia la kuchezea watoto bila viatu. Kama nyasi zako zote ni ukanda wa mbele ya baraza, tuseme mita tano kwa nane, usinunue mashine. Nunua mkasi mkubwa wa bustani, linoe vizuri fyekeo lako, na fedha zinazobaki zitie kwenye samadi na maji. Sura hii ni ya mwenye uwanja mkubwa zaidi ya huo.

Mashine yangu ya kwanza niliichagua nikiwa nimesimama dukani, na kosa lilianzia hapo. Ilikuwa ya umeme, nyepesi, yenye kisu cha sentimita 32 na mfuko wa kukusanyia majani. Muuzaji aliisifu sana, na kila mwamba ngoma huivutia kwake. Hakuniuliza nyumbani kwangu kuna nini, nami sikumweleza. Nyumbani, Kunduchi, Dar es Salaam, kuna minazi minne. Chini ya mnazi hakukosi kidaka kilichoanguka usiku, kipande cha kifuu, au kumbi lililofukiwa nusu mchangani. Udongo wenyewe ni mchanga uliolalia mawe ya matumbawe, na kila masika ikipita jiwe jingine linachungulia. Wiki ya tatu kisu kikagonga. Ulisikika mlio mmoja mkavu, kisha mashine nzima ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa.

Niliipeleka kwa fundi, eneo la Gerezani. Fundi aliipindua, akafungua nati, akatoa kisu, kisha akazungusha shafti taratibu kwa kidole. Akanionyesha ncha yake: badala ya kutulia mahali pamoja, ilikuwa ikichora duara dogo hewani.

“Mama, imepinda hii.”

“Haiwezi kunyooshwa, fundi?”

“Nitainyoosha, ila haitadumu. Kwani huko nyumbani una nyasi gani?”

“Nyasi za kawaida tu.”

“Hakuna nyasi za kawaida, mama. Nenda kaziangalie vizuri, ukirudi ndiyo tuongee habari za mashine.”

Sijapata ushauri bora kuliko huo katika miaka yote niliyotunza bustani. Basi nawe, kabla hujaenda dukani, piga magoti uwanjani kwako. Vuta shina moja, ulitandaze kwenye kiganja, uliangalie.

Ukiona jani jembamba, laini, shina limelala chini na kutoa mizizi kila penye kifundo, huo ni ukoka. Umeenea duniani kote penye joto, unavumilia jua na kukanyagwa, na unapendeza ukikatwa chini, kati ya sentimita mbili na nne. Ukiona jani pana kiasi, limekunjwa katikati kama kitabu, ncha yake butu, na shina nene lililobapa, hizo ni nyasi za Pemba, ambazo hapa pwani tunazipanda kwa vipandikizi chini ya miembe na minazi kwa sababu zinavumilia kivuli. Hizi ukizikata chini sana unazinyang'anya majani yote na kubakiza vijiti. Ziache zifike sentimita tano, hata saba. Wenye visima vya maji ya chumvi mara nyingi wana paspalamu, ambayo haisumbuliwi na chumvi, nayo hukatwa chini kama ukoka.

Bara juu ni habari nyingine. Arusha, Nairobi, Limuru, Mbeya, kote kwenye baridi na mvua, mwenye uwanja ni nyasi za kikuyu. Asili yake ni nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki, na jina lake limesafiri nazo hadi Australia na California, ambako wengine wanazihesabu kuwa magugu. Mashina yake hupandana, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukitembea unahisi unakanyaga godoro. Kaka yangu yuko Arusha, na uwanja wake ni wa namna hiyo. Mwezi wa Aprili anakata leo, na baada ya siku tano utadhani hajawahi kukata. Mashine inayonitosha mimi Kunduchi ingekwama kwake kabla ya kumaliza mstari wa kwanza.

Ukishajua nyasi, angalia udongo. Chukua ndoo, tembea uwanja mzima, okota kila kitu kigumu: mawe, vifuu, mifupa, vizibo vya soda, misumari iliyobaki tangu ujenzi. Ndoo ikijaa mara moja, ya pili na bado unaokota, uwanja wako haujawa tayari kwa mashine ya aina yoyote. Sawazisha kwanza, mwaga udongo kwenye mashimo, ng'oa visiki. Mizizi ya mwembe iliyotokeza juu haing'oleki, basi izungushie maua na usipitishe kisu hapo kabisa.

Sasa tunaweza kuzungumza mashine. Zile za kusukuma zina koo mbili, ukoo wa mkasi na ukoo wa panga, na tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya petroli na umeme ambayo wauzaji huanza nayo.

Ukoo wa mkasi una silinda ya visu vitano hivi, vimepindwa kama uzi wa parafujo. Silinda inapozunguka, kila kisu kinapita kikiwa karibu kugusa kisu kingine kimoja kilicholala chini, kisichosogea. Jani linabanwa katikati ya viwili hivyo na kukatwa. Mashine hii ilibuniwa na Edwin Budding wa Stroud, mkoa wa Gloucestershire, Uingereza, aliyepewa hataza yake tarehe 31 Agosti 1830. Stroud ilikuwa nchi ya viwanda vya nguo za sufu, na viwandani mle palikuwa na mashine ya silinda ya kunyoa vinyweleo vilivyosimama juu ya kitambaa ili kiwe laini. Budding aliwaza kwamba kinachonyoa kitambaa kinaweza kunyoa uwanja. Akaungana na mwenye karakana, John Ferrabee, na ilipofika 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich nayo ilikuwa imeanza kuzitengeneza kwa leseni. Kabla ya hapo uwanja wa tajiri wa Kiingereza ulikatwa na vibarua wenye miundu mirefu, au uliachiwa kondoo. Ukishika leo mashine ya silinda ya kusukuma kwa mkono, isiyo na injini, umeshika wazo lile lile la Budding, limepunguzwa uzito tu.

Ukoo wa panga ni mdogo kwa umri. Kisu kimoja kimelazwa kama panga la feni chini ya bakuli la chuma au plastiki, injini inakizungusha kwa kasi, na jani linakatika kwa kupigwa. Huko Sydney, Australia, mwaka 1952, Mervyn Victor Richardson aliunda ya kwake uani, tangi la mafuta likiwa kopo la pichi. Ndiyo iliyozaa mashine za Victa, na familia nyingi za kawaida zikaweza kununua. Mashine karibu zote utakazozikuta Kariakoo au madukani Nairobi ni za ukoo huu.

Ipi ni bora? Kwa ukoka uliokatwa kila wiki kwenye ardhi iliyonyooka, hakuna kinachoshinda mashine ya mkasi. Haina kelele, haina moshi, unaweza kukata Jumapili alfajiri na jirani asiamke. Jani linakatika safi na halikauki ncha. Lakini haina msamaha. Ukiacha nyasi zikapita kimo cha nusu ya silinda, zinalala chini ya roli badala ya kuingia kwenye visu. Kijiti kinene kama penseli kinaisimamisha ghafla, mpini ukakugonga tumboni. Shina la nyasi za Pemba linaichosha, na nyasi za kikuyu zinaishinda kabisa wakati wa mvua. Panga linakula karibu kila kitu, marefu kwa mafupi, na kama kisu ni butu linakula vibaya. Siku mbili baada ya kukata, chuma jani moja uliangalie ncha yake. Kisu kikali huacha mstari mmoja ulionyooka. Kisu butu huacha nyuzi nyeupe zilizochanika, kama ncha ya kamba ya katani iliyokatika, na kutoka mbali uwanja mzima unaonekana umepauka ingawa juzi tu ulikatwa. Watu wengi hudhani ni ukame, wakaongeza maji.

Baada ya ukoo, upana. Hapa wauzaji husifia sana, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Chukua uwanja wa nyasi wa mita za mraba 300, ambao ni mkubwa kwa viwanja vyetu vingi vya mjini ukishaondoa nyumba, banda na njia ya gari. Mashine ya sentimita 32, ukipishanisha mistari kwa sentimita tano, itakutembeza kama mita 1,100. Ya sentimita 46 itakutembeza kama mita 730. Kwa mwendo wa mita 50 kwa dakika, tofauti ni dakika saba au nane. Kwa ajili ya dakika hizo unaongeza uzito, bei, na shida ya kupita kati ya kisima na mpapai. Upana mkubwa una maana uwanja unapozidi mita za mraba 500. Chini ya hapo mimi ningechagua nyembamba na kuongeza fedha kwenye ubora wa bakuli na magurudumu. Pwani bakuli la chuma huliwa na kutu ya hewa ya chumvi, hasa majani mabichi yakiachwa yamegandia ndani. Bakuli la alumini au plastiki nzito hudumu zaidi. Na magurudumu membamba huzama mchangani, kisu kikashuka nacho na kuchuna udongo. Tafuta mapana, ya nyuma yakiwa makubwa kuliko ya mbele.

Halafu mashine inayojiendesha yenyewe, ile unayoishika tu ikakuvuta. Kwenye mteremko ni msaada mkubwa. Kwenye uwanja tambarare unanunua mkanda na giaboksi zaidi, na siku vikiharibika utatafuta vipuri mwezi mzima.

Nguvu sasa. Umeme wa nyumbani unatosha viwanja vingi kuliko watu wanavyofikiri. Mashine ya wati 1,600 inachukua kama ampea saba, na ukikata nusu saa umetumia uniti 0.8 ya LUKU. Tatizo lake ni waya. Waya mwembamba wa kuunganishia redio au taa, ukirefushwa mita 30 hadi nyuma ya nyumba, unapata joto na kuinyima mota nguvu. Taka waya wa milimita za mraba 1.5 au zaidi, na kama umezungushwa kwenye gurudumu lake, ukunjue wote kabla ya kuwasha. Anza kukata karibu na soketi ukielekea mbali, waya ukiwa nyuma yako muda wote, na usikate nyasi mbichi za umande. Soketi ya nje ilindwe na swichi inayokata umeme mara unapovuja. Kwa hili sina lugha laini: bila swichi hiyo, usinunue mashine ya umeme.

Ndugu walioko Marekani hupenda kututumia zawadi ndani ya kontena, na mashine ya majani ni mojawapo. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Waambie mapema, kabla hawajalipa.

Za betri zimekuja vizuri. Hazina waya wala moshi, na kwa uwanja wa mita za mraba 300 betri moja nzuri inatosha. Ila uliza bei ya betri peke yake kabla ya bei ya mashine, kwa maana sehemu kubwa ya thamani iko humo, na uihifadhi ndani ya nyumba. Banda la bati saa nane mchana Dar es Salaam linaiua betri kabla ya wakati wake.

Petroli ndiyo ya uwanja mkubwa, ya nyasi za kikuyu, na ya mahali umeme unapokatika mara kwa mara. Injini ya cc 160 hivi haizidi sana lita moja kwa saa. Kuna mambo mawili ambayo dukani hayasemwi. La kwanza ni mwinuko. Injini ya namna hii hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda. Kaka yangu Arusha yuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo injini iliyoandikwa nguvu za farasi tano kwake inafanya kazi kama ya nne na kidogo. Nairobi ni pungufu zaidi. Na yeye ndiye mwenye nyasi ngumu! Aliye bara juu aongeze ukubwa wa injini, aliye pwani anaweza kupunguza.

La pili ni vipuri. Utaambiwa injini ni ileile ya pampu ya maji na jenereta, kwa hiyo vipuri vimejaa. Iangalie kwa macho yako. Kwenye pampu shafti imelala. Kwenye mashine ya majani imesimama, inaelekea chini kwenye kisu. Plagi utaipata popote, pengine na chujio la hewa, lakini shafti na nyumba ya injini haviingiliani hata jina likiwa moja. Kabla ya kununua, piga picha ya kibao cha injini, nenda nayo kwa fundi unayemwamini, umuulize kama amewahi kufungua ya namna hiyo na vipuri alivitoa wapi. Akisita, tafuta nyingine.

Zilizotumika zinazoshuka na makontena zinaweza kuwa nzuri kuliko mpya za bei nafuu. Nenda asubuhi, ukague kabla muuzaji hajaipasha moto, maana injini iliyokwisha huwaka vizuri ikiwa na moto na kukataa ikiwa baridi. Vuta kamba mwenyewe. Moshi wa samawati usioisha ni oili inayoungua ndani. Kisha mwombe achomoe waya wa plagi, muilaze mashine ubavu, plagi na chujio vikiwa upande wa juu. Weka kijiti kigusane na ncha moja ya kisu, zungusha kisu polepole kwa kijiti kingine, uone kama ncha ya pili inapita palepale. Ikipishana, kisu au shafti imepinda, na wewe umeshajua habari ya shafti iliyopinda inaishia wapi.

Vijana wengi wanaokata majani mitaani siku hizi hutumia ile mashine ya kuning'iniza begani, yenye mti mrefu na uzi wa plastiki unaozunguka. Ni mashine nzuri ya mitaro, kingo za barabara, na penye mawe, na kama nusu ya eneo lako ni pori ndiyo ununue. Kimo haishiki, inategemea mkono kama fyekeo. Na inaua miti. Uzi ukizunguka shina la mwarobaini mchanga mara tatu nne unamenya gome pande zote, chakula hakishuki tena kwenda mizizini, na baada ya miezi michache mti umekauka na mwenye nyumba analaumu mchwa. Nimepoteza mti wa mlimao hivyo. Usafishe kwa mkono nusu mita kuzunguka kila shina, uweke majani makavu, uzi usiwe na sababu ya kufika.

Majani yaliyokatwa nayo yana neno lake katika kuchagua. Kule Kilimanjaro, ambako ng'ombe wanafugwa zizini na majani hubebwa kichwani kutoka mbali, hakuna atakayekuelewa ukiyamwaga jalalani. Mwenye ng'ombe, mbuzi au sungura atafute mashine yenye mfuko wa kukusanyia, kwa sharti awape siku ileile, kwa maana majani mabichi yakirundikwa hupata joto na kuoza haraka, na asiwape kabisa majani yaliyopulizwa dawa au kudondokewa oili. Asiye na mifugo anaweza kuacha vipande vifupi palepale. Vinaoza na kurudisha rutuba. Kwa hili kata mara nyingi, kidogo kidogo, kila safari usizidi theluthi moja ya urefu. Unataka sentimita nne, basi kata zikifika sita. Wakati wa masika hiyo ni kila wiki au chini ya hapo, na kiangazi unaweza kupumzika mwezi. Mashine ya petroli inayopumzika tangu Julai hadi vuli iwashwe mpaka mafuta yaishe kwenye kabureta, kwa kuwa petroli ikikauka humo huacha gundi, na mwezi wa Novemba utavuta kamba hadi bega liume.

Nimeacha hadi sasa jambo ninalolijali kuliko yote, nalo ni mtu atakayeisukuma. Katika nyumba nyingi si aliyeinunua. Ni kijana anayelipwa kwa mwezi au kwa kutwa, na anakuja na kandambili. Kisu cha sentimita 46 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda mita 72 kwa sekunde, kilomita 260 kwa saa, upana wa kiganja kutoka kwenye vidole vyake. Jiwe likirushwa na kisu hicho linatoboa geti la bati. Kwa hiyo bei ya mashine ihesabiwe pamoja na buti ngumu za saizi yake, suruali ndefu na miwani. Watoto na kuku wafungiwe upande mwingine hadi injini izimwe.

Kisha angalia mpini. Mashine nyingi zina chuma cha pili kinachobanwa pamoja na mpini. Ukikiachia, injini inazimika. Katika nyumba nyingi nilizopita nimekikuta kimefungwa kwa waya au ukanda wa mpira wa baiskeli ili kijana asichoke kukibana. Siku atakapoteleza kwenye majani mabichi, hicho chuma ndicho kitu pekee kitakachosimamisha kisu. Ukiijaribu dukani, kibane kwa mkono wa yule atakayeitumia: kama kinamchosha hapo hapo, kitafungwa waya wiki ya kwanza, na hiyo si mashine yenu. Mpini wenyewe uweze kupandishwa na kushushwa, kijana mrefu asikate uwanja mzima akiwa ameinama kama tulivyoinama na fyekeo.

Mwisho nenda nayo nyumbani pamoja na tupa bapa, na siku ya kwanza kabla hamjakata chochote mfundishe kunoa, au akufundishe. Chomoa waya wa plagi, uufunge mbali. Ilaze mashine, plagi juu. Weka alama ya chaki upande wa kisu unaotazama chini, ili kisirudishwe kinyume. Fungua nati, kibane kisu kwenye jiliwa au kati ya mawe mawili mazito, kisha piga tupa kwa kusukuma upande mmoja tu, ukifuata mshazari uliotoka nao kiwandani. Usikifanye chembamba kama wembe; makali ya jembe zuri yanatosha, yaliyo membamba zaidi hukunjika kwenye kumbi la kwanza. Hesabu mapigo: ishirini huku, ishirini kule. Kisha gonga msumari ukutani, upachike kisu kwa tundu lake la katikati, ukiachie. Kama upande mmoja unashuka, ni mzito, na uzito huo ndio utakaotikisa shafti kila ukikata. Uongezee tupa kidogo upande huo, upachike tena, uongezee tena, mpaka kisu kilale sawa kwenye msumari na kutulia.